Nani Amzuie Mwenye Nguvu? Miungu na Wanadamu katika Tendi za Kale

Mhadhara wa hadhara, Galula, Mkoa wa Songwe

Swali la leo ni kongwe lakini halijazeeka: katika tendi za kale, miungu wanatafuta nini katika mambo ya watu? Kuna majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza linasema miungu wamo ili shujaa ashinde. Mwenye mungu mkubwa ndiye mwenye vita. La pili linasema watu wa zamani hawakujua radi inatoka wapi wala ugonjwa unaletwa na nini, ndipo wakabuni miungu wa kujazia pengo hilo. Majibu yote mawili yana kitu ndani yake, na nitayarudia. Lakini nikizisoma tendi zenyewe, za kwetu Afrika Mashariki kwanza na kisha za mbali, naona jibu jingine lenye nguvu kuliko hayo. Miungu huingia katika utendi hasa pale anapotokea mtu ambaye hakuna mwanadamu mwenzake anayeweza kumzuia. Kazi yao kubwa ni kumwekea mpaka mwenye nguvu, na hata msaada wanaompa shujaa ni deni ambalo siku moja atadaiwa.

Nianze mbali ili turudi karibu. Utendi wa Gilgamesh ni miongoni mwa tendi kongwe kuliko zote zilizobaki kwa maandishi. Vigae vya udongo vyenye nakala yake maarufu vilichimbuliwa katika magofu ya Ninawi, karibu na Mosul ya leo huko Iraki, katikati ya karne ya 19. Kisa chake hakianzi na vita wala na kuumbwa kwa dunia, bali na malalamiko ya raia. Watu wa mji wa Uruk wamechoshwa na mfalme wao kijana, Gilgamesh, asiyewaacha vijana wa kiume wapumzike na asiyeheshimu wanaharusi. Raia hawana baraza la kumshitaki, maana yeye ndiye baraza. Kilio chao kinapanda juu, na miungu wanamuumba Enkidu, mtu wa porini mwenye nguvu zinazolingana na za mfalme, aje asimame mbele yake. Tuone vizuri mpangilio wa mambo: mfalme amezidi, watu wamelia, ndipo miungu wakaingia. Wawili hao wanapokuja kuwa marafiki na kuanza kuua bila kipimo, miungu wanaamua Enkidu afe, na mfalme aliyekuwa haogopi kitu anabaki kuzunguka dunia akitafuta dawa ya kifo. Haipati.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, nchi ya Wanyanga mashariki mwa Kongo, msimuliaji aitwaye Rureke aliimba, akasimulia na kucheza utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Mkononi alishika kibuyu cha kutikisa, vijana wake wakigonga vijiti kumpa mapigo, na watu wakimtuza kadiri masimulizi yalivyokolea. Waandishi walikuwa wakiandika kila alichosema. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Hata kabla ya kufungua hadithi yenyewe, mungu ameshaingia: kwa Wanyanga, fundi wa utendi huu yuko chini ya Karisi, mzimu anayemtaka mtu ajifunze kuusimulia. Kwa hiyo msimuliaji hasemi kwa idhini ya mtawala. Anasema kwa idhini ya mwingine aliye juu ya mtawala, na jambo hili lina uzito kwa hoja yangu, kwa sababu utendi anaousimulia unamshitaki mtawala tangu mstari wa mwanzo.

Shemwindo, mtemi wa Tubondo, anaoa wake saba na kutangaza amri: kila mmoja azae binti, na atakayezaa mvulana, mvulana huyo atauawa. Hesabu yake ni ya mahari. Wazee wa baraza wanasikia amri hiyo na hakuna anayeipinga. Mke wa saba anamzaa Mwindo, mtoto anayetoka tumboni akiwa tayari anatembea na kusema, mkononi ana usinga wa ajabu. Baba anamrushia mikuki, inamkosa. Anamzika, anatoka kaburini. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mto unamfikisha kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa majini. Mwindo anapokusanya jeshi la wajomba zake kuirudia Tubondo, jeshi linaangamia, naye anamwita Nkuba, bwana wa radi. Radi inashuka, Tubondo inateketea, na mtemi anakimbilia kuzimu kwa kupitia shimo la mzizi wa mmea alioung'oa. Mwenye jibu la kwanza atasema hapa: umeona? Mungu kampigania mtu wake, imekwisha.

Haijaisha, na hapo ndipo utamu wa utendi huu ulipo. Mwindo anamfuata baba yake kuzimu, anakomfikia Muisa, bwana wa huko. Mlangoni anakutana na Kahindo, binti Muisa, mwenye vidonda vya buba mwili mzima. Shujaa aliyeteketeza mji anakaa chini na kumwosha vidonda. Binti naye anampa siri: ukikaribishwa kiti usikikalie, ukipewa chakula cha huko usile. Muisa anampa kazi zisizowezekana, alime shamba la migomba na kuvuna siku ileile, kisha apande mti mrefu kutafuta asali, na mara kwa mara mkanda wa Muisa unambana mpaka anakata roho. Usinga wake unamfufua. Baba anatoroka tena na kujificha kwa Sheburungu, mungu mkuu muumba, na Mwindo anacheza naye kamari mpaka anamshinda na kukabidhiwa baba yake. Wapo watakaoniuliza: miungu wanaoshindwa na kijana watamwekea mpaka gani? Naona tuangalie wameshindwa wakifanya nini. Muisa na Sheburungu wanashindwa wakiwa wamemficha mtemi aliyetaka kuua watoto wake. Mungu anayempa hifadhi mdhalimu anapoteza hoja yake, na utendi haumstahi kwa sababu ya ukubwa wake. Sijui utendi wa Ulaya unaothubutu kusema hivyo waziwazi.

Halafu Mwindo hamuui baba yake. Anamrudisha Tubondo, wafu wa mji wanafufuliwa, viti vitatu vya shaba vinateremshwa na Nkuba, na juu ya viti hivyo wanakaa Shemwindo, Iyangura na Mwindo mbele ya watu. Mtemi anakiri kosa lake hadharani, kwa kinywa chake. Shangazi, mwanamke, amekaa kwenye kiti cha hukumu sawa na wanaume wawili. Ingekuwa hadithi ya kumtukuza shujaa tu, ingefungwa hapo kwa ngoma na vigelegele. Rureke hakuifunga.

Mwindo, sasa akiwa mtemi, anatamani nyama ya nguruwe pori. Wawindaji aliowatuma wanakutana na Kirimu, joka la vichwa saba, linawameza baadhi yao, naye Mwindo anakwenda kuliua. Harufu ya joka inamfikia Nkuba juu, na Nkuba alikuwa amechanjiana nalo damu. Nkuba yuleyule aliyeiteketeza Tubondo kwa ajili ya Mwindo anashuka kumchukua. Hapigani naye. Anamwambia kwa maana hii: mara ngapi nimekuokoa, nawe umemuua rafiki yangu kana kwamba hakuna aliye juu yako? Mwaka mzima Mwindo anakaa angani. Baridi inamtesa, mvua ya mawe inampiga, jua linamkausha koo, mwezi unaunguza nywele zake. Hana usinga wa kumwokoa huko. Anarudishwa duniani kwa sharti la kutomuua tena mnyama yeyote, na baada ya hapo ndipo anapotoa sheria kwa watu wake, na miongoni mwazo ni kwamba watoto wote wapokelewe, wawe wa kike au wa kiume. Amri ya baba imefutwa na mtoto, lakini baada tu ya mtoto kufundishwa kwamba naye ana wa kumwajibisha. Kwa maoni yangu sehemu hii ya angani ndiyo moyo wa utendi wote. Atakayeusimulia na kuishia kwenye viti vya shaba atakuwa amesimulia jinsi mtemi mmoja alivyompokonya mwingine kiti, basi.

Hapa nalijibu lile jibu la pili. Nkuba ni radi, sikatai, na watu wanaoishi chini ya mawingu mazito ya milima ya Kivu wana sababu ya kuiwazia radi. Lakini radi haina urafiki wa kuchanjiana damu, haikumbuki ilimsaidia nani mwaka jana, wala haidai shukrani. Hayo yote yameongezwa na msimuliaji, na ndiyo aliyoyatia nguvu. Angekuwa anaeleza hali ya hewa, angemaliza kwa sentensi mbili.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Wagiriki. Katika Iliadi ya Homer miungu wanagawana pande kama ndugu wanaogombania shamba: Athena na Hera kwa Wagiriki, Apollo na Aphrodite kwa Watroya. Wanadanganya, wanapotosha mikuki, wanafunika wapendwa wao kwa ukungu. Mipaka iko wapi? Nakubali kwamba hao si mahakimu wema. Hata hivyo tutazame matukio mawili. Mwanzoni kabisa mwa utendi, shujaa Akhile anachomoa upanga amuue mfalme Agamemnon mbele ya baraza, na hakuna mwanadamu wa kumshika mkono. Athena anatokea nyuma yake na kumshika nywele. Baadaye Zeus mwenyewe, mkuu wa miungu, anataka kumwokoa mwanawe Sarpedon asife vitani. Hera anamwambia kwamba akifanya hivyo, kila mungu atataka kumwokoa mwanawe. Zeus anamwacha Sarpedon afe, na anadondosha mvua ya damu kwa uchungu. Kwa hiyo hata kwa Homer mpaka haukomei kwa mashujaa, unamfikia mwenye enzi ya juu kabisa. Na katika Odisia, Zeus analalamika kwamba wanadamu huwasingizia miungu kwa mabaya wanayojiletea wenyewe, akitoa mfano wa Aigisthos aliyeonywa mapema asiue na asimwoe mke wa mtu, naye hakusikia. Pamoja na upendeleo wao wote, miungu hao hawamwondolei mtu dhima ya alichokitenda.

Mwingine atanipinga kutoka upande wa siasa, na pingamizi hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Atasema: miungu ni silaha ya wafalme. Mtawala ndiye anayesema mimi ni mteule, mimi ni mwenye mvua, nitiini. Historia imejaa mifano hiyo, na sitajaribu kuikanusha. Lakini nchi yetu hii ya kusini-magharibi ina ushahidi unaoonyesha upande wa pili. Mto Songwe huu unaopita Galula unamwaga maji yake Ziwa Rukwa. Iko Songwe nyingine, inayoshuka hadi Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wetu na Malawi, na pande zote mbili za bonde lake zilikuwako enzi zilizoshikamana na uungu: Lwembe kwa Wanyakyusa, kule Lubaga karibu na Tukuyu, na Kyungu kwa Wangonde. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika maelezo ya wazee kuhusu Lwembe. Mvua, rutuba ya mashamba na uzazi wa ng'ombe vilihesabiwa kuwa mwilini mwake. Ndiyo sababu hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa kama mtu mwingine. Akiugua sana, waliokabidhiwa kazi hiyo walimziba pumzi. Kabla hajakata roho walimng'oa nywele na kucha wakazifukia kwenye tope, ili rutuba isiondoke nchini. Watu wa ukoo waliogopa kuteuliwa. Ni desturi ya kutisha na siitamani irudi. Ila hebu tuulize: kama uungu ulikuwa silaha ya mtawala tu, mbona aliyekuwa nao ndiye aliyeufia, na wenye mamlaka juu ya mwili wake walikuwa wengine? Uungu huo ulimfanya awe mali ya nchi. Kumtukuza na kumfunga vilikwenda pamoja.

Utendi unaoipa hoja yangu tabu kubwa ni wa Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliutunga kwa umbo la utenzi mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani ya kaskazini. Liyongo ana nguvu kupita watu wote, na mfalme wa Pate anamwogopa asije akamnyang'anya kiti chake. Anamfunga gerezani, Liyongo anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa ulioletwa na mjakazi Saada, huku ngoma na nyimbo zikifunika sauti ya kukata pingu. Baadaye mfalme anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Mtoto anamuuliza baba kitu gani kinaweza kumuua, na baba, akijua anachoulizwa na kwa nini, anamjibu: sindano ya shaba kitovuni. Mtoto anamchoma usingizini. Liyongo anainuka, anapiga goti karibu na kisima na kuupinda upinde wake, na anafia hapo hapo katika hali ya kulenga shabaha. Watu wa mji wanakaa siku kadhaa bila kuteka maji, wakidhani yu hai. Katika yote hayo hakuna malaika anayeshuka, hakuna radi. Mfalme wa Pate anabaki na kiti chake. Mpaka wa Liyongo umewekwa mwilini mwake, lakini mpaka wa mfalme uko wapi? Jibu langu ni kwamba mshairi ameuweka mikononi mwa wasikilizaji. Ahadi ya ndoa inavunjwa, mtoto anakufa na aibu yake, na karne kadhaa baadaye pwani nzima bado inamjua Liyongo kwa jina na sifa, ilhali mfalme anatajwa kwa sababu ya hila yake. Nakiri kwamba hukumu ya namna hii ni dhaifu kuliko ya Nkuba, kwa kuwa haimrudishii mtu uhai wala haimtoi mdhalimu kitini. Utunzi huu ni wa watu wa dini ya Mungu mmoja, ambaye hukumu yake inangojewa Akhera, na pengine ndiyo maana mshairi hakuona lazima ya kuileta mapema.

Tofauti hiyo inaonekana pia katika utenzi mkongwe kuliko huo, ule wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728. Una zaidi ya beti 1,100 kuhusu vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Waumini wenzangu wa dini zote wasinielewe vibaya nikiutaja katika mhadhara wa miungu. Mola wa utenzi huo si mmoja kati ya wengi. Ninachotaka kionekane ni utaratibu. Jibrili anakuja na amri, lakini kinachotangulia ni barua: Herekali anaandikiwa na kuitwa kwenye imani kabla ya panga kutolewa. Mwenye enzi kubwa ya dunia anapewa nafasi ya kujibu kabla ya kushambuliwa.

Nimeacha mwisho jambo lililotuumiza kama taifa. Kwa masimulizi yaliyokusanywa na mwanahistoria Gilbert Gwassa, mwaka 1904 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alivutwa majini na mzimu Hongo, akatoka akiwa mkavu, na maji yake yakawaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwahi kupigana bega kwa bega. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 Umatumbi. Kinjeketile alinyongwa Mohoro mapema mwezi Agosti, na vita vikaendelea bila yeye. Waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mazao na maghala, walifika 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli ilikuwa kubwa mara kadhaa. Hapa mungu aliahidi kwamba risasi zitageuka maji, na hazikugeuka. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, aliliona swali hili kwa jicho kali. Kinjeketile wake anagundua kwamba ndani ya maneno yaliyotoka kinywani mwake kuna unabii wa kuwafanya watu wake watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, yaani kubadili bwana mmoja kwa mwingine, na anatetemeka. Anawasihi wapiganaji wasubiri. Hawamsikii tena, wanalisikia lile neno. Na Wajerumani wanapomtaka akane maji, anakataa, akijua kwamba akikana, watoto wa watoto wao wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigana.

Naisoma tamthilia hiyo kama mwendelezo wa kisa cha Mwindo na Nkuba. Hongo aliwapa watu kitu ambacho hakuna mtemi wa wakati huo aliyeweza kuwapa, umoja mbele ya dola iliyowalimisha pamba kwa kiboko. Dola hiyo haikuwa na wa kuizuia hapa nchini, na watu wakamtafuta juu. Mpaka hapo ni ule utaratibu wa Uruk. Kilichokosekana ni upande wa pili, yaani mtu au kitu cha kulizuia neno la mungu lenyewe lilipozidi kipimo. Rureke alikuwa na Nkuba wa kumrudisha Mwindo kwenye mstari baada ya ushindi. Wapiganaji wa 1905 hawakupewa nafasi ya kufika huko.

Kwa walimu na wanafunzi wa hapa nina ombi moja la kazi. Wabungu, Wanyiha, Wasafwa, Wawanda na Wanyamwanga wana masimulizi yao ya waanzilishi, watemi, wawindaji na mizimu ya misitu na mabwawa, kama vile kule Katavi watu wanavyomjua mwindaji aliyegeuka mzimu na mkwaju wake kando ya ziwa. Mtakapoyanasa kwa simu zenu, msimkatishe mzee anapofika kwenye mzimu mkidhani hapo hadithi imeacha kuwa historia. Muulizeni mzimu huyo alimtokea nani, mtu huyo alikuwa amefanya nini kabla, na nani alikuwa amelia. Kisha mwacheni aendelee hata baada ya shujaa kushinda, na muandike pia yale yaliyompata baadaye.